Mama ndiye alikuwa anaanzisha wimbo

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mtoto wa tatu kati ya watano. Kwetu ni Marangu, ila ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana tarehe 28 Desemba nilikuandikia barua kama hii, nikaichana kabla sijaituma. Safari hii nimeona nikuandikie mapema, huu mwezi wa kumi, kabla hatujaanza kutafuta tiketi za basi.

Unajua ilivyo kwetu Wachaga. Desemba ikifika, uwe na hela usiwe nazo, unapanda nyumbani. Watu hututania kwamba tunaenda kuhesabiwa. Wengine hupandia ndafu, wengine mbege, wengine kuonyesha gari jipya. Sisi nyumbani kwetu kilichotukusanya ni nyimbo za mama.

Mama alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika tangu akiwa msichana. Asubuhi ya tarehe 24 tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba kumenya ndizi za mtori, mikono yote tumeipaka mafuta ya kula ili utomvu usitushike. Mama alikuwa anamenya haraka kutushinda wote, na katikati ya kumenya, bila kutangaza chochote, alianzisha wimbo. Hata hakutuangalia. Alikuwa anaangalia ndizi yake. Akifika mstari wa pili, baba, ambaye yuko zizini anawakatia ng'ombe majani, anamjibu kwa besi. Hatumwoni, tunasikia tu sauti inatoka kwenye migomba. Hapo na sisi tunaingia, kila mtu na sauti yake. Mpaka sufuria ijae, tumeshaimba nyimbo sita au saba. Usiku tukitoka kwenye ibada tulikuwa tunarudia zote sebuleni, enzi hizo kwa taa ya chemli, hadi wadogo wanasinzia mapajani mwa watu.

Mama alifariki mwaka juzi mwezi wa nne. Krismasi iliyofuata hakuna aliyeimba. Tulisema bado ni msiba.

Mwaka jana kaka yetu mkubwa alipanda na sabufa mbili kubwa. Kuanzia asubuhi ya tarehe 24 muziki ukawa hauzimwi: singeli, bongo fleva, amapiano, na kwaya za kwenye fleshi. Watoto walicheza wakafurahi, siwezi kusema uongo. Ila pale kwenye ndizi ilibidi tupige kelele ndipo mtu asikie ukimwambia "nipe kisu".

Usiku baada ya chakula nikamwomba kaka azime, akazima. Nikasimama katikati ya sebule, daftari la mama la nyimbo mkononi, nikasema jamani, tuimbe nyimbo za mama. Tulikuwa watu 19 mle ndani. Nikaanzisha. Mwalimu, nilianzia juu mno. Ubeti wa kwanza mdogo wangu wa kike aliitikia kidogo. Ubeti wa pili sauti yangu ikapasuka. Wapwa zangu wawili walikuwa wamenyanyua simu wananirekodi. Wifi yangu mmoja, ambaye ni Mwislamu wa Tanga, alikuwa ameinamisha kichwa, hajui afanye nini. Baba akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Kaka alipoona ninavyohangaika akawasha muziki. Najua alinionea huruma, lakini mimi nililala nikilia.

Asubuhi nilimkuta baba zizini. Hatukuongea chochote kuhusu usiku ule.

Sasa mdogo wetu wa mwisho anasema niache, kila kizazi na muziki wake, na mama hatarudi kwa kuimbiwa. Kaka anasema mwaka huu tuite kwaya ya vijana ije ituimbie nyumbani kwa saa moja, yeye atalipa. Mimi kwaya ya kukodi siitaki, lakini sina sababu ya kumwambia. Je, ninang'ang'ania kitu kilichokwisha? Na kama hakijaisha, nianzie wapi mtu kama mimi ambaye hata kwaya sijawahi kuimba tangu shule ya Jumapili?

La mwisho ni hilo daftari. Limejaa herufi, d, r, m, s, pamoja na nukta na vistari, mistari minne minne kwa kila wimbo. Mistari mitatu ya juu ameandika kwa penseli, imefifia. Mstari wa chini kabisa ameandika kwa kalamu nyekundu, na herufi zake nyingi zina kimkia chini. Hakuna hata mmoja wetu anayeelewa. Wewe unaweza kuniambia ni nini?

Binti wa Marangu

*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mama, na pole kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye ile sauti ya baba inayotoka kwenye migomba, nikashindwa kuendelea kwa muda.

Hung'ang'anii kitu kilichokwisha. Kilichokwisha ni njia moja ya kukianzisha, kwa sababu aliyekuwa na hiyo njia ametangulia. Usiache. Na kwaya ya kukodi mkatalie kaka yako kwa heshima, na sababu nakupa: kwaya ikija kuimba sebuleni kwenu, ninyi watoto wa mama yenu mtakuwa wasikilizaji nyumbani kwenu wenyewe. Mtapiga makofi, mtawapa soda, wataondoka, na ile sehemu iliyo tupu itakuwa imebaki vilevile. Kwaya nzuri ninazipenda, nimezifundisha miaka 26, lakini mahali pake ni kanisani na kwenye tamasha. Kwenye familia, sauti mbovu ya ndugu yako ni bora kuliko sauti nzuri ya mgeni.

Tuuangalie ule usiku, maana umejihukumu sana na kosa lenyewe hukuliona. Unadhani kosa ni sauti kupasuka. Hapana. Umenieleza mwenyewe jinsi mama alivyokuwa akianza: ameshika kazi, anaangalia ndizi yake, hamtazami mtu, hamwambii mtu aimbe. Wewe ulisimama katikati ya chumba, usiku, watu wameshiba, ukawatangazia. Papo hapo watu 18 wakawa hadhira na wewe ukawa msanii. Wapwa zako hawakukudharau, mwanangu. Mtu akisimama mbele ya watu na kuimba, kijana wa leo ananyanyua simu, ndivyo alivyozoea kuonyesha kwamba jambo ni muhimu. Ulijenga jukwaa bila kujua, na mama yako katika miaka yote ile hakuwahi kupanda jukwaani.

Kwa hiyo wimbo urudi kwenye ndizi. Asubuhi, tarehe 24, nyuma ya nyumba. Hapo mna vitu ambavyo sebule haina. Kila mtu ameinama, kwa hiyo hakuna anayetazamwa. Kazi ina mwendo wake, kisu kinashuka na kupanda, na mwendo huo unabeba wimbo hata kama waimbaji ni dhaifu. Watu wanaingia na kutoka kwenye wimbo bila aibu, mtu akinyamaza anaonekana anamenya tu. Na mikono iliyojaa mafuta na utomvu haishiki simu. Babu zetu hawakuwa wajinga kuimba wakilima, wakitwanga na wakivuta nyavu. Wimbo uliofungwa kwenye kazi hauna haja ya mtu kuombwa auimbe.

Sasa kuhusu kuanzia juu. Hili ni la ufundi na linatibika kwa siku moja. Mama yako alikuwa sauti ya kwanza, na wewe masikioni una sauti yake, kwa hiyo ulipoanzisha ulianzia pale alipokuwa anaanzia yeye. Hapo ni pake, si pako. Fanya hivi ukiwa peke yako jikoni kwako Tabata: chukua wimbo mmoja, tafuta mahali unapopanda juu kuliko kote. Paimbe hapo kwanza, polepole, kwa sauti ambayo ungeweza kuishika bila kukaza shingo. Kutoka hapo shuka mpaka kwenye neno la kwanza. Pale ulipofikia ndipo pa kuanzia. Utashangaa ni chini kiasi gani, utaona kama unanong'ona. Usiogope. Wanaume na watoto waliokaa kimya mwaka jana, wengi wao hawakunyamaza kwa kukataa. Walinyamaza kwa sababu ulipoanzia hapakuwa na mlango wa wao kuingilia.

Na koo linalotaka kulia hubana. Nani asiyejua hilo? Ukianza chini linabana kidogo, ukianza juu linabana lote. Lakini bado linaweza kukukamata katikati ya ubeti, na kwa hiyo usiende peke yako. Yule mdogo wako wa kike aliyeitikia kidogo usiku ule, huyo ndiye mtu wako. Mpigie leo. Mwambie: mimi nikikwama, wewe daka, usinitazame, endelea tu. Kwenye kwaya hakuna anayeimba pumzi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunapokezana, huyu anavuta hewa huyu anashika, na msikilizaji anasikia wimbo mmoja usiokatika.

Wawili wanatosha kuanzisha. Ule wimbo wa Usiku Mtakatifu, ambao leo unaimbwa kwa lugha nyingi mno duniani, uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kwenye kanisa dogo la Oberndorf, karibu na Salzburg huko Austria. Walioimba ni padri msaidizi Joseph Mohr, aliyeandika maneno na kupiga gitaa, na mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber, aliyetunga sauti. Watu wawili na gitaa moja, na kwaya ikawa inarudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. Kurudia mistari ya mwisho tu! Huo ndio mlango ninaoutaka mimi uwafungulie watoto wa kwenu. Usiwadai beti nne za Kichaga wakati wamekulia Mwanza na Dar. Wape mstari mmoja wa kuitikia. Waimbe huo huo kila mara, kwa Kiswahili au kwa Kichaga walichokariri bila kuelewa vizuri, maana watakielewa mbele ya safari. Mpe mmoja kayamba, mwingine ndoo aigeuze apige taratibu. Mtoto aliyepewa kitu cha kupiga hatoki hapo mpaka ndizi ziishe. Na chagua nyimbo tatu tu mwaka huu. Mama alikuwa na saba kwa sababu alikuwa ameziimba miaka arobaini.

Nije kwa kaka yako, na hapa nakuomba ulainike moyo. Krismasi ya kwanza bila mama mlikaa kimya. Fikiria kaka mkubwa, ambaye sasa anaona nyumba ile ni mzigo wake, akiwa njiani kurudi kwenye kimya kile kwa mara ya pili. Alinunua sabufa mbili. Mimi naona mtu aliyekuwa anakimbia ukimya kama ulivyokuwa unaukimbia wewe, ila yeye alipita njia nyingine. Hata alipowasha muziki ukiwa umekwama, umesema mwenyewe kwamba ilikuwa huruma. Usimseme kwenye kundi la WhatsApp la familia, na usimtume wifi yako. Mpigie mwenyewe, sasa hivi mwezi wa kumi, umwamkie kama kaka, umwambie kile ulichoniambia mimi kuhusu ndizi na migomba. Kisha umwombe kitu kidogo: sabufa zianze baada ya sufuria ya mtori kuinjikwa. Asubuhi ni ya ndizi, mchana na usiku ni wa watoto kucheza. Singeli yao haijaua nyimbo za mama, na wewe usiifanye adui. Kuna jambo moja hukuniambia, na nadhani ni kwa sababu umelisahau kwa hasira: kaka yako alikuwa anaimba sauti gani? Kwenye nyumba ile kila mtu alikuwa na sauti yake, umesema. Muulize kwenye simu hiyo hiyo kama bado anaikumbuka. Kama alikuwa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, mwambie tena haina mtu mwingine.

Neno hilo, "haina mtu mwingine", ndilo linaloshikilia kuimba pamoja kuliko uzuri wa sauti. Kwenye muziki wa sabufa hakuna anayekosekana. Ukitoka kwenda kuteka maji, muziki unaendelea vilevile, haujui kama ulikuwepo. Kwenye wimbo wa sauti nne, mmoja akitoka kila mtu anasikia shimo. Ndiyo maana sikukuu ya kuimba inamfanya mtu ajue kwamba amefika nyumbani: pale anapoingia, wimbo unajaa. Nimeona vijana waliopotea kabisa, watu wa vituko mtaani, wakifika mazoezini kwa wakati miaka mitatu mfululizo kwa sababu tu walijua besi ina watu wawili.

Hapo ndipo ninapofika kwa baba.

Umeandika kwamba alinyanyuka akatoka, na nadhani umekaa mwaka mzima ukiamini alichukizwa na wewe. Nikueleze langu. Mume wangu alikuwa tena kwenye kwaya niliyokuwa nafundisha. Alifariki mwezi wa tisa, na mkesha wa Krismasi wa mwaka huo nilisimama mbele ya kwaya kama kawaida, nikanyanyua mkono. Waliimba vizuri. Lakini sikio langu lilikuwa limezoea sauti moja kutoka safu ya nyuma upande wa kulia, na pale palikuwa kimya. Nilimaliza wimbo, nikampa msaidizi wangu kazi, nikaenda kusimama kwenye uwanja wa kanisa, gizani. Watu walidhani nimekasirikia kwaya. Nilikuwa nasubiri sauti ambayo haikuja.

Baba yako kwa miaka yote ile alikuwa anajibu. Besi yake ilikuwa jibu la sauti moja maalumu, iliyokuwa inamfikia zizini. Usiku ule wimbo wake ulianzishwa na sauti nyingine, mahali pengine, yeye amekaa kwenye kochi mbele ya watu. Atajibu nini na ajibu wapi? Sidhani kama alikataa. Nadhani hakuwa na pa kuingilia, na mzee wa Kichaga halii mbele za wajukuu, anachukua fimbo. Kwa hiyo tarehe 24 usimwite aje akae nanyi kwenye ndizi. Mwache zizini kwake. Anzisheni ninyi, chini, bila kumtazama mtu, na mstari wa pili ukifika acheni nafasi. Asipojibu mwaka huu, endeleeni tu, msigeuke kumwangalia. Mwachie nafasi hiyo kwa kila wimbo.

Wifi yako wa Tanga naye nisimsahau, maana umemtaja kwa sentensi moja na mimi nimemwona vizuri sana, ameinamisha kichwa. Usimtake aimbe maneno ya imani isiyo yake, na usimwache akae kama mgeni anayesubiri nyimbo zenu ziishe. Huyu ni mtu wa pwani. Kama amekulia kwenye kasida na maulidi, kuitikia anakujua kuliko ninyi nyote. Mimi niliwahi kualikwa Zanzibar kwenye Maulidi ya Homu. Wanaume wamepiga magoti kwa safu, bega kwa bega, matari yanapigwa, na miili yote inayumba pamoja, mbele, nyuma, pembeni, kama mgomba mmoja kwenye upepo. Huwezi kujua nani anaimba vizuri na nani vibaya. Kule Lamu nako wakati wa Maulidi, pale Msikiti wa Riyadha, ni hivyohivyo, watu wanasafiri mbali ili nao wawe ndani ya sauti ile. Mfuate wifi yako jikoni siku ya kwanza mkifika, umwombe akufundishe wimbo mmoja wa kwao wa kubembelezea mtoto, au wa kina mama wa harusini. Muuimbe kwenye ndizi pamoja na zile tatu, na huo auanzishe yeye. Mkwe aliyewahi kuanzisha wimbo nyumbani kwenu hawezi kuwa mgeni tena.

Mdogo wenu wa mwisho anayesema kila kizazi na muziki wake, mwachie. Yuko sahihi nusu. Usibishane naye. Mpe kisu na mafuta ya mikono, akae.

Sasa daftari. Hizo herufi ni noti za sol-fa, ndizo kwaya zetu nyingi zimejifunzia. Zilianzia Uingereza, kwa mwalimu mmoja wa Norwich aitwaye Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akazieneza katika karne ya 19, na zikafika mpaka kwetu Afrika kwa sababu zinahitaji herufi za kawaida tu. Unaweza kuziandika kwenye daftari la shule kama alivyofanya mama. D ni do, r ni re, m ni mi, halafu fa, so, la, ti. Nukta mbili zinatenganisha mapigo. Kistari kinakuambia endelea kushika sauti, usiiache. Mistari minne ni sauti nne: wa juu ni sauti ya kwanza, unafuata wa alto, wa tatu tena, na wa chini kabisa ni besi. Kile kimkia chini ya herufi maana yake shuka, imba ile iliyo chini ya do ya kawaida. Besi inaishi huko, ndiyo maana mstari ule umejaa vimkia.

Mtafute mwalimu wa kwaya hapo Tabata, mpelekee, kwa jioni mbili tatu atakuwa amekufundisha kuusoma mstari wa juu, ule wa penseli. Mama alikuwa haukodolei macho, aliujua kwa moyo, ndiyo maana ameuandika kwa haraka na umefifia.

Ila ule mwekundu nimeufikiria sana. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuona mwimbaji wa sauti ya kwanza akijiandikia besi, tena kwa wino mwekundu, tena kwa kila wimbo. Mtu hapigi rangi mstari ambao hauimbi, isipokuwa kama anamwandikia mtu mwingine, ili aupate upesi bila kuhangaika kati ya mistari minne, pengine usiku, kwa taa ya chemli.

Usisubiri Krismasi kumwonyesha baba, na usimwonyeshe mbele za watu. Mkifika, kesho yake asubuhi na mapema kabla wengine hawajaamka, mfuate zizini na hilo daftari, umwombe akuimbie mstari mwekundu. Mchukulie na miwani yake.